Kwa ndugu wa Kisumu aliyepewa cheo Nairobi: hiyo "miaka mitatu tu"

Ndugu yangu, umesema umepewa umeneja Nairobi, mshahara karibu mara mbili, mke na watoto wa miaka minne na saba wabaki Kisumu, nawe uwe ukirudi kila mwisho wa mwezi. "Ni miaka mitatu tu," umeandika. Hilo neno "tu" limenikosesha usingizi, maana nami nililisema. Langu lilikuwa mwaka mmoja tu. Ukawa sita na ushee.

Nilikuwa kwenye shamba la maua Naivasha. Nilianza nikichambua waridi kwa urefu wa shina, nikawa msimamizi wa pakihausi, yaani jumba la kupanga na kufunga maua, na mwaka 2014 nikaambiwa nafasi ya naibu meneja ni yangu nikiitaka. Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa, leo Mombasa, kesho Malaba. Msichana aliyekuwa akitusaidia nyumbani alikuwa ameondoka akaolewe. Tukakaa, tukapiga hesabu, tukampeleka mtoto kwa mama mkwe, Vihiga, kando kidogo ya Mbale.

Kazi ya maua haina "nitamaliza kesho". Waridi likishafunguka limeharibika. Kuanzia katikati ya Januari tunakata na kufunga maua ya Valentine, yanakaa chumba cha baridi, yanapanda lori usiku kwenda uwanja wa ndege Nairobi. Hujapumua, imefika tarehe 8 Machi, siku ya wanawake duniani, halafu siku ya akina mama ya Waingereza mwezi huohuo wa Machi, halafu ile ya nchi nyingine mwezi Mei. Kwa hiyo miezi mitano ya kwanza ya kila mwaka sikuwa na nafasi hata ya kuugua. Siku za likizo nilizuiwa mara moja tu. Mara nyingine zote nilijizuia mwenyewe, kwa kuogopa kwamba nikiondoka wiki moja wataona pakihausi inaenda bila mimi. Mwaka 2017 nikawa meneja.

Sikumtupa mtoto, naomba hilo lieleweke. Pesa zilikwenda kwa M-Pesa kila mwezi bila kukosa. Siku kubwa zote nilikuwepo: Krismasi, tamasha la Wamaragoli pale Mbale tarehe 26 Desemba, siku alipomaliza chekechea akavalishwa joho. Ukitazama picha zetu utadhani sikuwahi kuishi mbali naye.

Machi 2020 shule zikafungwa, na soko la maua Ulaya likaanguka wiki hizohizo. Tulitupa waridi kwa matoroli. Tukapewa likizo isiyo na malipo, nikapanda gari hadi Nakuru, Kericho, Kisumu, nikafika Vihiga na begi la nguo za miezi. Kwa mara ya kwanza sikuwa na tarehe ya kurudi.

Siku ya kwanza mtoto aliniletea kiti na maji ya kunawa. Nikafurahi, nikasema amefunzwa adabu. Siku ya tatu ndipo nikaona kitu kilichoniuma mpaka leo. Watoto wa boma lile wanacheza pekupeku kwenye yale mawe makubwa ya Maragoli, naye pia. Lakini kila nilipotoka nje, alikuwa akikimbia ndani kuvaa viatu. Nikamuuliza mama mkwe kwa nini. Akanijibu kwa upole kabisa: huwa anavaa wageni wakija.

Halafu ikaja lugha. Mimi ni Mkikuyu, nimezaliwa Njoro. Nyumbani Naivasha tulikuwa tunaongea Kiswahili. Binti yangu alijifunzia kuongea jikoni kwa guku wake, ndivyo wanavyomwita nyanya kule, kwa hiyo Kimaragoli ndicho kilikuwa lugha yake ya moyo. Nilijua hivyo, na nilikuwa nikijivunia! Ila ziara za siku mbili zilikuwa zimenificha maana yake. Jioni wanachambua kunde, mtoto anasema jambo, guku anacheka mpaka anafuta machozi, nami nauliza, "Amesema nini?" Mtoto ananigeukia, anapanga maneno, ananiambia kwa Kiswahili cha shuleni, taratibu, kama anayemsomea mwalimu. Na kichekesho kimeshakufa. Jioni nyingi sana zilipita hivyo. Mtoto niliyemzaa alikuwa mcheshi na mimi sikuwa nikijua.

Siku moja akapata homa. Usiku alikuwa akiweweseka kwa Kimaragoli, nami nimelala palepale kitandani naye. Ilibidi nimwamshe mama mkwe aniambie mtoto anataka nini. Alikuwa anataka maji.

Ndiyo maana nakwambia, ndugu yangu, usihesabu sikukuu utakazorudi nyumbani. Hizo utazipata. Hesabu Jumanne. Hesabu jioni ambazo hakuna kitu kinachotokea, mtoto anatafuta daftari, anagombania rimoti, anakuuliza kwa nini maji ya ziwa hayaishi. Huko ndiko anakokuwa mtu, na ukirudi mwisho wa mwezi unamkuta ameshakuwa.

Shamba lilituita tena mwezi wa Juni. Nilirudi, nikafanya hadi Novemba, nikaacha. Wenzangu waliniona nimerukwa na akili. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 tulihamia Nakuru, mtaa wa Lanet, nikaanza kuuza katika duka la pembejeo kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa zamani. Tulibana sana. Sitaki kukudanganya kwamba umaskini ni mtamu: zile pesa za maua ndizo zilizojenga nyumba ya mama mkwe na kumtibu macho, na sijutii hata shilingi yake. Najuta kwamba sikuwahi kuuliza kama kulikuwa na njia nyingine ya kuzipata. Chumba cha pili na mtu wa kutusaidia, pale pale Naivasha, tungeweza kulipia tangu nilipopandishwa cheo. Nilikuwa nimezoea tu.

Na kumrudisha hakukuwa sherehe. Alilia wiki tatu akimtaka guku. Nilikuwa nimemng'oa mara ya pili.

Mama mkwe alifariki 2023. Kaburini mtoto alisimama akaongea na guku wake kwa muda, kwa lugha yao. Nilishika maneno machache. Sikumwuliza mengine.

Sasa wewe. Sisemi ukatae, sijui madeni yako. Lakini kabla ya kutia sahihi, waulize kama unaweza kufanya baadhi ya siku ukiwa Kisumu, na ukubaliwe kwa maandishi, maana ahadi ya mdomo hufa meneja akibadilishwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Zichukue zote, usiziuze, na uzichukue wakati watoto wanaenda shule, siyo Desemba peke yake. Mpige hesabu na mkeo ya familia nzima kuhamia Nairobi: kodi, karo, kazi yake yeye. Pengine haitawezekana. Angalau mtakuwa mmeipiga.

Na yule wa miaka saba mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa watu. Wangu sikumwambia, kwa kuwa alikuwa mdogo. Nilimwacha amelala, nikaondoka saa kumi na moja alfajiri ili asilie. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba alikuwa akinitafuta nyuma ya mlango.