Pointi za GPS zinapotea ukibadili SCR, na mstari wa skeli unaandika digrii (QGIS)

Ndugu, umeuliza mambo mawili kuhusu QGIS, programu ya kutengeneza ramani, na SCR, yaani mfumo unaosema namba za mahali zinasomwaje. Kwanza, pointi zako za bonifontene (bomba za maji za umma) za Goma, zilizochukuliwa kwa GPS, zimepotea mara tu ulipoziweka kwenye UTM, mfumo unaopima kwa mita na kuigawa dunia kwa zoni za digrii sita sita. Pili, mstari wa skeli kwenye mise en page (ukurasa wa ramani ya kuprinti) unaandika digrii wakati unataka kilomita. Najibu kwa menyu za Kifaransa, kwa kuwa ndizo ziko kwenye ordinatere nyingi za kwetu.

Pointi hazikufutika. Ulipotumia « Définir le SCR de la couche » ulibadili lebo tu, namba zenyewe zikabaki zilezile. GPS iliandika longitudo 29,23 na latitudo −1,68, yaani digrii. Ukizibandika lebo ya EPSG:32735 (namba ya SCR ya UTM zoni ya 35 kusini), QGIS inasoma mita 29 mashariki na mita −1,68 kaskazini. UTM ya kusini inaipa ikweta thamani ya mita 10 000 000, kwa hiyo sifuri yake inaangukia upande wa Ncha ya Kusini. Pointi zako ziko huko, Antaktika.

Dawa yake: irudishie tabaka (couche) lebo ya EPSG:4326, yaani SCR ya digrii za GPS, kisha « Zoomer sur la couche » uhakikishe pointi zimekaa juu ya mji. Hapo tu ndipo ufungue « Boîte à outils de traitements », uchague « Reprojeter une couche », uweke EPSG:32735 kama SCR cible na uhifadhi matokeo kwenye faili mpya ya GeoPackage. Kazi hii ndiyo inayopiga hesabu upya ya kila namba. Jikague kwa kusoma koordinati: katikati ya Goma unapaswa kuona mashariki karibu 748 000 na kaskazini karibu 9 814 000. Ukiona bado 29 na −1, umebadili lebo tena.

Kama hata kwenye 4326 pointi haziangukii Goma, tazama CSV yako, faili ya jedwali yenye pointi. X ni longitudo, Y ni latitudo; ukizigeuza, bonifontene zinahamia jangwa la Algeria. Tena Excel ya Kifaransa inaandika koma kwenye desimali, na usipoweka alama kwenye kisanduku cha koma wakati wa kuingiza faili, QGIS haizitambui kama namba. Na tabaka la mipaka ya kartier likifika kwa WhatsApp, dai faili zote nne: .shp, .shx, .dbf na .prj. Bila .prj, QGIS haijui namba hizo ni za mfumo gani, na hapo utakuwa unabahatisha.

Kuhusu zoni: zoni ya 35 inaanzia digrii 24 mashariki hadi 30, kwa hiyo Goma, Bukavu na Lubumbashi zote zinatumia 32735. Kivu Kaskazini ina jambo lake. Ikweta inaikata, na Butembo na Beni ziko kaskazini yake. Ukitengeneza ramani ya mkoa mzima usichanganye 32635 (zoni ya 35 kaskazini) na 32735. Baki na 32735 tu. Kaskazini ya ikweta namba zitapita 10 000 000, na hilo si kosa. Goma iko mbali na meridiani ya katikati ya zoni (digrii 27), kwa hiyo UTM inarefusha umbali kwa sentimita 35 hivi kwa kila kilomita. Kwa ramani ya maji hiyo haikusumbui. Kwa mipaka ya viwanja, mpimaji lazima aijue.

Mara nyingi, lakini, huhitaji kureprojekti chochote. QGIS inapanga matabaka yenye SCR tofauti juu ya skrini yenyewe, kwa kufuata SCR ya mradi iliyoandikwa pembeni chini kulia. Reprojekti unapotaka kufanya hesabu. Ukiomba « Tampon » (eneo la kuzunguka kila pointi) ya 250 juu ya tabaka la digrii, utapewa duara la digrii 250, si mita 250.

Sasa mise en page. Watu wengi hawajui kwamba kila fremu ya ramani ina SCR yake. Bofya fremu, nenda kwenye sifa zake, weka 32735, halafu andika skeli. Kisha bofya mstari wa skeli na ubadili kizio kutoka « Unités de la carte » kwenda kilomita. Hapo ndipo digrii zako zilikotoka. Kwenye A4 ya kulala, fremu ya milimita 277 kwa skeli ya 1:50 000 inabeba karibu kilomita 13,8, inayotosha mji. Ukitaka kufikisha hadi kilele cha Nyiragongo, simamisha karatasi na utumie 1:100 000.

Ramani ndogo ya Kongo nzima pembeni usiipe UTM. Nchi inapita zoni kadhaa na kingo zitapotoka. Tengeneza projeksioni yako kwenye « Projections personnalisées »:

+proj=laea +lat_0=-4 +lon_0=22 +datum=WGS84 +units=m

Ipe fremu ile ndogo peke yake, na ufunge matabaka yake ili yasibadilike unapozima kitu kwenye dirisha kuu.

Gridi (mistari ya koordinati juu ya ramani) nayo ina SCR yake. Ukichagua mita, nafasi iwe 1000 au 2000. Ukiweka 1, unaomba mstari kila mita, na programu itakwama au isichore kitu.

Toa PDF kwa dpi 300. Unapoipeleka kuprinti, mwambie anayeprinti asitumie « Ajuster à la page ». Achague « Taille réelle ». Karatasi ikipunguzwa, mstari wa skeli unapungua pamoja nayo na kubaki sahihi, lakini maandishi 1:50 000 yanakuwa ya uongo. Weka rula juu ya mstari: kilomita 1 lazima iwe sentimita 2 kamili.