Kabla ya Kununua Sedani Kuukuu ya Ulaya

Sedani ya Ulaya iliyofikisha umri wa miaka 15 huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani, na hapo ndipo wengi wetu tunapovutwa. Gari lenye viti vya ngozi, injini ya silinda sita na utulivu wa hali ya juu barabarani linakuwa ndani ya uwezo wa mtu wa kipato cha kawaida aliyedunduliza kwa subira. Nimemiliki sedani za aina hii kwa miaka mingi na ningali nazipenda, ila kila anayeniomba ushauri humwambia kwanza jambo hili: bei ya gari imeshuka, lakini bei ya vipuri vyake haikushuka pamoja nayo. Pampu, sensa na giaboksi zilitengenezwa kwa ajili ya gari la kifahari, na fundi atakapozibadilisha atakutoza gharama za gari la kifahari.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama Mercedes-Benz ni bora kuliko BMW au Volvo. Magari mawili ya toleo moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana kabisa, kutegemea aliyeyatunza. Mimi huanza na faili la risiti kabla hata ya kufungua mlango. Huangalia tarehe, kilomita zilizoandikwa wakati wa kila sevisi na majina ya vipuri vilivyofungwa, kisha hulinganisha mfululizo wa kilomita hizo na zile zinazosomeka kwenye dashibodi. Risiti nyingi za matengenezo hazinitishi hata kidogo. Linalonitia wasiwasi ni gari la miaka 15 ambalo muuzaji anadai halijawahi kuguswa na fundi, kwa maana matengenezo yote ambayo hayajafanywa yanamsubiri mnunuzi. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kukagua magari mawili siku moja. Moja liling'aa na halikuwa na karatasi yoyote, la pili lilikuwa na rangi iliyofifia na mikwaruzo kwenye bampa, lakini mwenye nalo alitunza risiti hadi ya balbu. Nilimshauri achukue lile lililofifia, na ushauri huo ningeutoa tena leo.

Sehemu inayostahili ukaguzi wa makini kuliko zote ni mfumo wa kupoza injini. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1990 na 2000 yalitumia plastiki kwenye tangi la maji, kwenye maungio ya mipira na kwenye nyumba ya thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini), na plastiki inayopashwa joto na kupoa kwa miaka mingi hukauka na kupasuka. BMW 3 Series ya kizazi cha E46, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, inajulikana sana kwa udhaifu huo. Fungua boneti, chukua tochi, umulike mshono wa tangi hilo: ukiona plastiki imegeuka rangi, au kuna ukoko mweupe au wa rangi ya maji ya kupozea mahali ambapo yamevuja na kukauka, basi tangi hilo limekaribia mwisho wake. Kulibadilisha mapema ni kazi ndogo. Likipasuka safarini na dereva akaendelea kwenda huku mshale wa joto ukipanda, silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hupinda na gasketi yake huungua, na hapo gharama inaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe.

Omba pia injini iwashwe ikiwa baridi. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, muuzaji ameshaiwasha, na huenda alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Injini baridi ndiyo inayotoa sauti ya mnyororo wa taimingi (unaoratibu mwendo wa vali na pistoni) uliolegea na ndiyo inayoonyesha moshi wa buluu wa oili inayoungua. Yapo matoleo yenye magonjwa yanayofahamika, na ni wajibu wako kuyasoma kabla ya kwenda. Injini ya dizeli ya BMW iitwayo N47 ina mnyororo wa taimingi upande wa nyuma, karibu na giaboksi, kiasi kwamba kuubadilisha ni kazi kubwa mno. Mercedes-Benz E-Class za kizazi cha W211 za kabla ya mabadiliko ya mwaka 2006 zina breki za kielektroniki ambazo pampu yake huhesabu idadi ya matumizi na hatimaye hudai kubadilishwa.

Kuhusu giaboksi ya otomatiki, usikubali maelezo kwamba oili yake ni ya maisha yote ya gari. ZF, kampuni inayotengeneza giaboksi nyingi za sedani hizi, yenyewe hupendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ifikapo miaka 8.

Kompyuta ya kupimia hitilafu ni ya lazima, na magari ya petroli yaliyotoka katika soko la Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001 yana soketi yake. Hata hivyo, kutokuta hitilafu yoyote si uthibitisho wa uzima. Hitilafu hufutwa kwa dakika moja, na kifaa kizuri kitakuonyesha kwamba gari halijakamilisha majaribio yake ya ndani, jambo ambalo mara nyingi maana yake ni kwamba kumbukumbu zimefutwa hivi karibuni au betri ilitolewa.

Binafsi huchagua injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) na sasipensheni ya springi za kawaida. Sasipensheni ya hewa ni raha tupu ikiwa nzima, lakini mifuko yake ya mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Sasa suala la fedha. Ninashauri utenge theluthi moja ya bei ya ununuzi kando, isiguswe, kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Ikiwa kulinunua kutakumalizia akiba yote, au ikiwa ndilo gari pekee linalokupeleka kazini na huwezi kuliacha gereji kwa wiki moja likisubiri kipuri, liache. Liache pia ikiwa eneo lako halina fundi anayelifahamu toleo hilo. Mtafute huyo kwanza, umlipe alikague, ndipo ujadiliane bei huku orodha yake ikiwa mkononi. Ukishalipa, usianze na rangi wala rimu. Badilisha oili ya injini na ya giaboksi, maji ya breki, maji ya kupozea pamoja na tangi na mipira yake, kisha uziweke risiti hizo kwenye faili lile lile ulilokabidhiwa.