Umeambiwa Uko CRB? Soma Ripoti Kabla Hujamlipa Mtu

Ujumbe ninaoletewa mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: "Kaka, nimenyimwa mkopo, naambiwa niko CRB. Nani anaweza kunitoa?" CRB ni mashirika yanayotunza kumbukumbu za nani amekopa na analipaje. Jibu langu wengi hawalipendi. Hakuna wa kukutoa. Yule anayejitangaza Facebook kwamba ana mtu wake ndani, umtumie elfu tatu leo na kesho uamke msafi, ni mwizi tu, na pesa zikishaingia namba yako anaizuia. Jina lako utalisafisha mwenyewe, na utaanza na karatasi ambayo wengi wanaolalamika hawajaiona kwa macho yao: ripoti yako ya mikopo.

Kwanza tuelewane. Kuwa CRB si kesi. Kila Mkenya aliyewahi kukopa benki, au kwa simu kupitia M-Shwari na wenzake, yumo humo, awe mlipaji mzuri au mbaya. Kinachokuumiza ni mkopo ulioripotiwa kwamba haulipwi, na kwa kawaida benki huuhesabu hivyo ukishapitisha siku 90 bila malipo. Mashirika yenye leseni ya Benki Kuu ni matatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Sheria inakupa ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika. Chukua zote tatu. Rekebisho linaweza kufika kwa shirika moja mapema na kwa jingine likachelewa, kisha ukashangaa kwa nini benki hii inakukubali na ile inakukataa.

Mimi nilikuwa mtu wa hoteli, huku Pwani ya Kusini. Mkopo wangu wa benki ulikuwa unakatwa kwenye mshahara kabla pesa hazijanifikia, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi nao. Corona ilipoingia mwaka 2020 hoteli ikafunga milango, tukarudi nyumbani. Baadaye nikataka mkopo mdogo wa kuanzisha biashara ya samaki, nikagonga mwamba. Nilipopata ripoti nikaiweka mezani kando ya hati zangu za mshahara. Hati za miezi ya mwisho kabla ya kufungwa zinasema wazi: mkopo, umekatwa, kiasi hiki. Ripoti inasema miezi ile ile hakuna kilicholipwa. Mwajiri alikata, benki haikupokea. Ukiwa na karatasi moja tu kati ya hizo mbili huwezi kuligundua jambo hilo, na huwezi kulithibitisha.

Hapo ndipo kundi letu la WhatsApp lilipopata kazi mpya. Lilikuwa kundi la kubadilishana zamu. Hoteli ilipofungwa likabaki la salamu za Ijumaa na picha za watoto. Nilipoandika kisa changu, kumbe nusu ya wenzangu wana kisa hicho hicho. Kati yetu alikuwemo mama mmoja aliyefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, na ndiye aliyetufundisha kuandika malalamiko. Mimi nilikuwa nimeandika barua ndefu ya huzuni: watoto, karo, Corona, Mungu anaona. Akaniambia, "Mwanangu, karani hana safu ya kujaza machozi." Tukaiandika upya ikatoshea nusu ukurasa: namba ya akaunti, miezi inayobishaniwa, kiasi kilichokatwa kila mwezi, ninachotaka kirekebishwe, na viambatisho. Nakala moja kwa benki, nyingine kwa shirika lenye ripoti. Kupinga taarifa isiyo sahihi hakulipiwi, na shirika linawajibika kumuuliza mkopeshaji. Ile miezi ilirekebishwa. Kwa miezi iliyofuata, baada ya mshahara kukatika kabisa, sikuwa na la kubishana: deni lilikuwa langu, tukapangiana upya na benki malipo madogo kwa muda mrefu zaidi.

Msaada wa kundi, kwa maoni yangu, ni macho. Pesa ziacheni nje. Tulikatazana mapema kukopeshana humo ndani, kwa sababu watu wanaodaiwa wakianza kudaiana, kundi linakufa na urafiki unakufa. Tulikatazana pia kutuma picha ya ripoti bila kufunika namba ya kitambulisho na ya simu. Na anayeleta "agenti wa kufuta CRB" anatolewa siku hiyo hiyo, hata akiwa shemeji wa admini. Tulichobaki nacho kilikuwa na faida kubwa kuliko nilivyotarajia: mtu anatuma barua aliyojibiwa na benki, mwingine anasema hiyo lugha naijua, wanataka stetimenti, wape.

Kundi hilo ndilo lililonijulisha kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Kijue hata kama sheria inakuchosha. Kinasema mkopo ukishakuwa haulipwi, riba unayoweza kudaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi, yaani pesa yenyewe bila riba, kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali ziliweka kikomo kama hicho kwa mikopo ya programu za simu. Mwenzetu mmoja alikuwa amebakiza msingi wa shilingi 6,000 kwenye mkopo wa programu. Wakusanya madeni wakamdai 15,800. Akaandika barua pepe ya mistari minne kuomba mchanganuo wa msingi, riba na gharama, akataja kanuni hizo. Mchanganuo uliorudi ulikuwa na kiasi kidogo kuliko kile walichokuwa wakimdai kwa simu.

Simu nazo: kanuni hizo hizo zinakataza matusi, vitisho, na kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako ili kukuaibisha. Hifadhi jumbe, usijibizane, peleka malalamiko kwa Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kuhusu kulipa. Watu hupenda kuanza na deni kubwa kwa sababu ndilo linalowanyima usingizi. Mimi huwaambia waanze na lile ambalo mkopeshaji wake yuko tayari kuyaandika makubaliano. Ukiomba punguzo, lije kwa barua au barua pepe kabla hujatuma hata shilingi, na iseme kwamba ukilipa kiasi hicho hakuna deni lililobaki. Bila maneno hayo unaweza kulipa, kisha kile kilichopunguzwa kikaendelea kuonekana kama salio linalodaiwa. Lipa kwa paybill, ile namba ya malipo ya M-Pesa, ya mkopeshaji mwenyewe, kamwe usilipe kwa namba binafsi ya mtu anayejiita afisa. Punguzo kuomba si aibu: Novemba 2022 Benki Kuu yenyewe ilitangaza mpango wa kuwapunguzia angalau nusu ya deni waliokwama kwenye mikopo ya simu ya siku 30 au chini, na waliolengwa walizidi milioni 4. Mpango ule uliisha Mei 2023, lakini wakopeshaji wengi bado husikiliza, hasa deni likiwa limekaa.

Vijideni vidogo visikutoe jasho bure. Tangu Aprili 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kukuorodhesha vibaya. Ukiliona kwenye ripoti, lipinge.

Sasa jambo linalowavunja watu moyo: ukimaliza kulipa, kumbukumbu haifutiki. Inabadilika kusomeka kwamba deni limelipwa, na historia yake inaweza kukaa miaka 5. Cheti cha CRB wanachokiitisha waajiri hakisubiri miaka hiyo. Kinataka tu usiwe na deni bovu lililo wazi. Benki ndiyo itakayoiangalia historia kwa jicho kali, na dawa yake ni kuipa historia mpya ya kusoma.

Mimi nilipitia Sacco, chama cha akiba na mikopo. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na wadhamini wako ni watu wanaokujua kwa sura, kwa hiyo hadithi yako unaweza kuieleza kwa mdomo. Niliweka akiba kwanza, nikakopa kidogo kuliko nilichoruhusiwa, nikapanga siku ya kulipa iwe siku mbili baada ya siku yangu nzuri ya mauzo. Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, niliizima. Haina ubaya wenyewe, ila inajilipa kwanza pesa yoyote inapoingia, na kwa mtu anayepigania rejesho la tarehe maalum huo ni mtego.

Na ile barua ya kumaliza deni usiiache kwenye simu pekee. Piga nakala mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine nenda nayo kila unapokwenda kuomba mkopo, uitoe kabla hujaulizwa.