Choya, saumu na mlonge kwenye chupa moja

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Anameza losatani 50 mg na aspirini 75 mg kila siku, lakini presha haishuki chini ya 158/96. Sokoni kauziwa chupa ya choya, kitunguu saumu na mlonge, akaambiwa inashusha presha na kulinda figo na moyo. Aache vidonge?
Msomaji, Kizota, Dodoma

JIBU: Vidonge asiache. Cha kuweka kando ni chupa.

Choya yenyewe haina ubaya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kuwa vikombe 3 kwa siku, kwa wiki 6, vilishusha namba ya juu kwa takriban 7. Mama atatoka 158 afike 151, bado juu. Akiipenda, ainywe peke yake: pima gramu 10 za maua makavu, gawa mafungu 8, kila fungu kikombe kimoja cha maji ya moto (240 ml), funika dakika tano. Bila sukari, na si kwenye sufuria ya alumini, maana choya ina tindikali.

Saumu ya kwenye mboga haina neno. Iliyokolezwa, ikikutana na aspirini, damu huchelewa kuganda; aking'olewa jino ndipo mtajua. Mlonge una madini ya potasiamu mengi, na losatani huyazuia yasitoke mwilini. Majani kidogo kwenye mchuzi ni chakula. Vijiko kadhaa vya unga kila siku, na juisi ya ubuyu juu yake, kwa figo zilizochoka, vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mizizi yake asiiguse kabisa, ina sumu. Na akipata kizunguzungu baada ya mchanganyiko, nani atajua kimetoka kwenye kipi?

Figo hulindwa na presha iliyoshuka, basi. Kwa hiyo tafuteni kwa nini haishuki. Je, anaruka dozi? Anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti? Hiyo hupandisha presha na, pamoja na losatani, huumiza figo. Wengi hawamtajii daktari dawa hiyo kwa sababu waliinunua wenyewe. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Apime siku 7, asubuhi kabla ya kidonge na jioni, akiwa ameketi dakika 5, mara mbili kila awamu. Apeleke daftari na chupa kliniki, aombe kipimo cha potasiamu na cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Daktari anaweza kuongeza losatani au kuongezea amlodipini, dawa nyingine ya presha. Ikifika 180/120 na kifua kinauma au mkono umelegea, ni hospitali saa hiyohiyo.