Maswali na Majibu ya Mfukoni: Deni la Kila Siku, Pato la Msimu

Meseji za wiki hii ni nyingi kuliko nafasi. Mnaoniuliza "mkopo gani mzuri?" bila kusema unaenda kufanyia nini, utalipa kwa hela ipi na tayari unadaiwa na nani, sikuwajibu na sitawajibu. Huyo ni mtu anayeingia duka la dawa na kusema "nipe dawa nzuri".

Dereva wa bodaboda, Mwanjelwa: *Shikamoo mzee. Nilichukua 300,000 kwa jamaa wa kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kali, narudisha 12,000 kila siku kwa siku 30. Alisema riba ni asilimia 20 tu. Nimelipa siku 11, halafu mvua zikanikamata, nimeruka siku nne na kila siku faini 2,000. Nichukue kwa mwingine nimmalize huyu?*

Marahaba, mwanangu. Usichukue.

Kwanza hiyo "asilimia 20 tu". Ungekaa na 300,000 yote mwezi mzima halafu ukarudisha 360,000, ingekuwa 20 kweli. Lakini wewe unaanza kurudisha kesho yake. Ukipiga wastani, hela yake iliyokaa mfukoni mwako mwezi huo ni kama 150,000, na kwa hiyo 150,000 unamlipa 60,000. Hiyo ni asilimia 40 kwa mwezi. Kanuni za Benki Kuu zinamruhusu mkopeshaji mwenye leseni asiyepokea amana, yaani asiyetunza akiba za wateja, kutoza riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata ukiihesabu kizembe kwa 300,000 yote, ni 10,500. Yeye anachukua 60,000, na faini juu.

Pili, wewe hukuhesabu mvua. Mbeya hii, Desemba mpaka Aprili, nani hajui kuna siku abiria hawapandi pikipiki? Kama pikipiki ni ya bosi na hesabu unayompelekea kila siku ni 10,000, unaamka asubuhi unadaiwa 22,000 kabla hujaweka mafuta wala kunywa chai. Nimeandika mpaka nimechoka: tarehe ya deni ifuate tarehe ya pato. Pato lako linaruka siku, na deni lako haliruki.

Fanya hivi. Umelipa 132,000, imebaki 228,000, na faini 8,000. Mfuate leo jioni ana kwa ana ukiwa na 20,000 mkononi. Mwombe afute faini na upeleke 6,000 kwa siku. Wengi wao hukubali, kwa sababu mteja aliyezima simu anawatia hasara zaidi. Muandikishiane. Na umuulize leseni yake, kwa adabu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Akianza kung'aka, umeshapata jibu. Nakuombea tu usiwe umemwachia kadi ya pikipiki ya bosi.

Mama lishe, Makambako: *Nitapata wapi mkopo usio na riba?*

Mwezi huu pekee swali hili limekuja mara saba. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Inatolewa kwa kikundi chenye shughuli, kwa hiyo kama shida yako ni ada ya mtoto ya Jumatatu, usipoteze nauli. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ukiwa na wenzako, na msiunde kikundi cha usiku mmoja. Wanawajua.

Mwalimu, Mufindi: *Nilikopa benki milioni 6 nikanunua shamba la miti. Makato yakanizidi, nikakopa mtaani, mkopeshaji ameshika kadi yangu ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa yeye, ananipa kilichobaki. Mwezi uliopita alinipa 40,000. Nifanyeje?*

Mwalimu wangu, mti wa paini unakaa ardhini zaidi ya miaka kumi kabla haujawa mbao ya maana. Makato ya benki yanakuja kila mwezi. Hiyo miaka katikati ulipanga kula nini? Mnaona malori ya mbao yanapita Mafinga mnadhani kila mwenye shamba anavuna mwaka huu.

Haya, ya kufanya. Mwajiri hatakiwi kukukata mpaka ukabaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wako wa msingi, na katika makato hayo bodi ya mikopo ya wanafunzi kama inakudai inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ndiyo maana wa mtaani wanataka kadi: ukishawapa, wanakaa nje ya hiyo kanuni. Hakuna anayewahesabia theluthi.

Andika barua kwa huyo mkopeshaji: ulichukua kiasi gani, ameshatoa kiasi gani (taarifa ya akaunti unaipata benki), utamlipa kiasi gani kila mwezi, kwa simu, ili risiti ibaki. Mpe nakala, baki na nakala. Kisha nenda benki uifunge hiyo kadi, uchukue nyingine yenye namba mpya. Kumpa mtu namba ya siri ni kinyume na masharti ya benki, na siku hela ikipotea benki itakuuliza wewe. Usidhani umefuta deni. Umechukua tu mshahara wako, deni unalo.

Na shamba, kama kuna mteja wa bei ya haki, liuze.

Mke, Njombe: *Kamwene. Nimekuta karatasi, mume wangu ameweka nyumba yetu dhamana ya milioni 8. Mimi sijasaini popote. Hati ina jina lake peke yake.*

Kamwene, dada. Jina moja kwenye hati halimpi ruhusa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mkopeshaji ahakikishe ridhaa hiyo ipo. Ziangalie karatasi vizuri: usije ukakuta kuna "sahihi yako". Piga picha zote. Mwandikie mkopeshaji leo hii, na kwa kuwa nyumba ina hati, nenda kwa msajili wa hati uweke zuio. Wakija na dalali, baraza la ardhi na nyumba la wilaya lipo. Zuio linalinda nyumba tu. Milioni 8 bado zinadaiwa, kwa hiyo mkae mezani mjue zimeenda wapi. Mimi nahisi kuna deni la pili hujaambiwa.

Mwanafunzi wa chuo, Iringa: *Programu ya mikopo imewatumia meseji wajomba zangu kuwa mimi ni tapeli. Ni deni la 50,000.*

Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Angalia kama yako imo. Hifadhi meseji zote, kalalamike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kwa ajili hiyo. Halafu waombe radhi wajomba, maana namba zao programu ilizichukua kwenye simu yako ulipobonyeza "ruhusu".

Mkulima, Mbozi: *Januari nilichukua mbolea ya 150,000 kwa tajiri wa kijijini, nimlipe magunia matano ya mahindi Julai. Sasa gunia ni 60,000. Naonewa au ndiyo biashara?*

Umechukua 150,000, unalipa 300,000, kwa miezi sita. Akiyaweka stoo mpaka njaa ya Januari, atapata zaidi. Lakini ulikubali mwenyewe, na tarehe angalau inalingana na mavuno, kwa hilo umewashinda bodaboda na mwalimu.

Mwombe umlipe kwa hela, 200,000 au 220,000. Akikataa, pimeni kwa mizani, kilo 100 kwa gunia. Baba yangu alidaiwa hivi hivi. Tajiri alikuja na debe lake mwenyewe, limegongwa mpaka likatuna tumbo, akajaza na kilele juu. Magunia matano yaliondoka karibu sita, na mama amesimama mlangoni na ungo anahesabu kwa vidole.

Ukishauza yaliyobaki, nunua mbolea ya msimu ujao kabla ya bati na kabla ya simu. Kama hujajiandikisha ruzuku ya mbolea, nenda ofisi ya kijiji sasa, usingoje mvua ya kwanza.

Baba wa nyumba, Uyole: *Shemeji anataka nimdhamini mkopo wa milioni 2.*

Unazo milioni 2 za kulipa keshokutwa? Kama huna, mwambie hivyo, na umwambie mkeo kabla shemeji hajamwambia.