Bakteria wa tumboni na boila la kiwanda

SWALI: Shikamoo, mzee. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu. Mhadhiri wetu alimtaja Kevin Passino wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, kwamba anatumia bakteria kurekebisha mitambo. Bakteria hao huwekwa wapi hasa? – F. M., Tanga

JIBU: Marahaba. Hawawekwi popote. Passino alichukua namna yao ya kutafuta chakula tu, akaieleza mwaka 2002 katika jarida la udhibiti wa mitambo la IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme.

Mimi nimehangaika na vidhibiti vya boila mpaka kustaafu. Kidhibiti ni kifaa kinachoshikilia presha pale unapoitaka; kosa ni tofauti kati ya presha unayoitaka na iliyopo. Kidhibiti cha kawaida kina namba tatu: moja hutazama kosa la sasa, ya pili hujumlisha makosa yaliyopita, ya tatu hutazama kosa linabadilika kwa kasi gani. Ukizidisha ya kwanza, presha hupanda na kushuka bila kutulia. Ukiipunguza, mtambo unazubaa. Tulizisaka kwa uzoefu na kubahatisha, msimamizi wa zamu kanuna mlangoni.

Sasa mtazame E. koli, bakteria wa tumboni ambaye Passino alimwiga. Ni mdogo mno kupima tofauti ya chakula kati ya ncha mbili za mwili wake, basi hulinganisha nyakati: hapa ni pazuri kuliko sekunde chache zilizopita? Pakiwa pazuri, mikia yake myembamba, inayozunguka kinyume cha mwendo wa saa, huendelea kujisokota pamoja na kumsukuma. Pakiwa pabaya hakawii kugeuza mzunguko. Mikia inaachana, anabiringika, anashika uelekeo wowote mwingine.

Kwa boila, kila bakteria wa kwenye kompyuta angekuwa seti ya zile namba tatu, na chakula ni kosa kupungua. Baada ya muda nusu iliyofanya vibaya hufa, nusu bora hugawanyika, idadi ikabaki ileile. Wachache hutupwa mbali kwa bahati nasibu, wasije wote wakang'ang'ania jibu la karibu na kuliacha lililo bora.

Naipenda mbinu hii, ila haikuhakikishii kwamba umepata namba bora kuliko zote, na inataka majaribio mengi. Usiipeleke kwenye boila la kweli: bakteria mbovu kwenye kompyuta hafanyi hasara, kwenye boila atakufyatulia vali ya usalama. Anza na modeli ya mota ndogo, tena irekebishe kwa mkono kabla ya kuandika programu, ujue kila namba inafanya nini.