Maswali ya Wasomaji: Vyanzo vya Asili vya Mabadiliko ya Tabianchi

SWALI: Ndugu Mhariri, babu yangu, ambaye aliyaona kwa macho yake mafuriko ya mwaka wa Uhuru, husema kwamba hali ya hewa haijapata kutulia tangu dunia iumbwe, na kwamba joto la siku hizi ni lilelile la zamani. Shuleni tunafundishwa kuwa chanzo chake ni binadamu. Ni mambo gani ya asili yanayobadili tabianchi, na je, babu amekosea?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Kuhusu mwaka 1961 babu hakukosea hata kidogo, na kumbukumbu yake ni ya thamani. Vuli ya mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kuliko kawaida huku ya upande wa Indonesia yakipoa, hewa yenye unyevu ikapanda juu yetu na kumwaga mvua kubwa mno, hata kina cha Ziwa Viktoria kikaongezeka kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Hali hiyo, iitwayo Daipoli ya Bahari ya Hindi, ilirudi mwaka 1997 ikiwa pamoja na El Niño, na tena mwaka 2019. Bahari hapo huwa inahamisha tu joto ililokuwa nalo. Baada ya miezi kadhaa mambo hurejea.

Volkano nazo hubadili tabianchi kwa muda mfupi, ila kwa kuipoza. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, gesi ya salfa ilifika tabaka la juu la hewa liitwalo stratosfia, ikageuka vitone vidogo vilivyorudisha angani sehemu ya mwanga wa jua, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa takribani nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. Mabadiliko ya jua lenyewe, yanayozunguka kila miaka 11 hivi, ni madogo: mwanga wake hupanda na kushuka kwa takribani asilimia 0.1 tu.

Mabadiliko ya muda mrefu yanatokana hasa na mwendo wa dunia yenyewe, kama alivyokokotoa Mserbia Milutin Milankovitch. Dunia huyumba kama pia inayozunguka. Mhimili wake huinama kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 katika mzunguko wa miaka 41,000, na njia yake kulizunguka jua hubadilika umbo kwa takribani miaka 100,000. Jua la kiangazi likipungua kaskazini, theluji haiyeyuki yote, barafu hurundikana, na bahari hupungua. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi: Unguja ilikuwa imeungana na bara, ilhali Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mkondo unaoitenga una kina cha mamia ya mita. Nyakati nyingine bahari ilipanda kuliko leo. Maji yakitoka, nenda ufukwe wa Oyster Bay uyatazame kwa karibu yale majabali: utaona matawi ya matumbawe yaliyogeuka mawe, mengine mahali ambapo mawimbi hayafiki tena.

Hapo ndipo natofautiana na babu, kwa heshima zote. Mwendo wa dunia huhitaji maelfu ya miaka, volkano hupoza, na setilaiti zinazolipima jua tangu miaka ya 1970 hazijaona mwanga wake ukiongezeka. Aidha, lingekuwa jua, stratosfia nayo ingepata joto. Kinyume chake inapoa. Kilichoongezeka ni kabonidayoksaidi, gesi inayonasa joto karibu na ardhi, kutoka sehemu 280 hivi katika kila milioni za hewa kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa, na hiyo inatokana na sisi.

SWALI: Je, Oldoinyo Lengai ukilipuka, utatupunguzia joto hapa Dar es Salaam?
Msomaji, Temeke

JIBU: Hapana. Ili kuipoza dunia, salfa nyingi sharti ipenye hadi stratosfia, ambayo katika ukanda wetu huanza kilomita 16 hivi kwenda juu. Lava ya Lengai ni ya kabonati, nyepesi, hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikipata unyevu. Ulipolipuka mwaka 2007 majivu yaliangukia malisho ya Wamasai walio jirani, na joto la dunia halikushuka.